Mwaka wa "Bado Kidogo"

Mama Kokugonza amefariki Jumanne, na tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wameunda kundi la msiba, wakaniingiza bila kuniuliza, na humo ndani kila mtu ni mtoto wake. "Tumepoteza mama." "Alinifundisha kusikiliza." "Nani atatubeba sasa?" Watu wazima wenye vyeti ukutani na wateja wao wenyewe, wanalia kama vifaranga. Mwili unasafirishwa kesho kwenda kwao Kagera, na mwenye kupanga ratiba ameniandikia pembeni akiniomba niseme maneno machache kwa niaba ya washauri nasaha wa Mwanza, kwa kuwa, anasema, mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Nimemjibu kwamba nina mafua. Sina mafua. Nina hasira, na ni hasira ya zamani, imevuka miaka ishirini, na nimeshangaa kuikuta bado nzima. Kwa hiyo nimekaa barazani kwangu Nyegezi na daftari, wao wakiimba kule kwake, nami naandika kile nisichoweza kusema mbele ya jeneza. Kabla hajawa mwenzangu kazini, yule mama alikuwa mshauri wangu mimi. Nilikaa mbele yake saa sitini. Na mwaka uliofuata baada ya kumaliza, nilikuwa mtu mbaya kuliko nilivyowahi kuwa kabla au baada yake.

Wasiofanya kazi hii hawajui utaratibu wetu, kwa hiyo nieleze. Chuo nilichosomea ushauri nasaha kilimtaka kila mwanafunzi akae kwanza kwenye kiti cha mteja. Walitwambia kwamba huwezi kusikiliza ya watu kama yako mwenyewe hayajasikilizwa. Saa moja kila wiki kwa mshauri mzoefu, mpaka zitimie sitini, kisha anasaini fomu na wewe unakuwa mshauri. Mimi nilimpata Mama Kokugonza, mama wa makamo, mrefu, mpole wa kusema, aliyevaa saa yake ya mkononi kwa kuigeuza, uso ukiwa upande wa mshipa, ili asome muda bila mteja kugundua. Mimi niligundua kikao cha pili. Niliyoyalia katika chumba kile sitayaandika hapa; yalisikilizwa, yakaisha, na hayahusiki. Ninachotaka kuandika ni habari ya baada ya hapo, kwa sababu hakuna aliyetufundisha habari ya baada ya hapo. Vitabu vyote tulivyosoma viliishia pale mteja anapofunga mlango.

Asubuhi ya kikao cha sitini nilipita mwaloni Kirumba nikanunua sato, mnene, bado anatingisha mkia. Huwezi kuagana na mtu mzima aliyekutendea wema ukiwa mikono mitupu, na huyu alikuwa amenitendea. Nilimfunga kwenye mfuko nikapanda naye kilima cha Isamilo mpaka kituoni, nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, iliyokaa katikati ya majabali, ambako mijusi wenye vichwa vyekundu hupiga pushapu dirishani huku wewe unalia. Tulizungumza. Nikamwambia ninataka kuendelea, hata mara moja kwa mwezi. Akasema, "Umemaliza, Kabula. Yaliyobaki ni maisha tu." Maisha tu! Nikamtolea samaki wangu. Akamtazama, akanitazama. "Sitampokea," akasema. "Nenda naye nyumbani mkale." Nilidhani sijasikia vizuri. Kwa kabila langu, kwa kabila lake na kwa kabila lolote ninalolijua kuzunguka ziwa hili, hakuna mtu anayekataa samaki aliyeletwa na binti aliyevaa gauni la kanisani. Nikamwuliza kwa nini. "Kwa sababu nikimpokea utaona tumeagana vizuri," akasema, "na mimi sitaki uone hivyo kwa ajili ya samaki." Hadi leo nikilikumbuka jibu hilo damu inachemka. Alisaini fomu, akasimama kabla yangu, akafungua mlango, na hapo mlangoni akabaki. Hakunisindikiza hata hatua tatu. Hata muuza dawa ya mende ukimkaribisha ndani, akiondoka unamsindikiza mpaka uani. Nilishuka kilima kile mkia wa sato ukiwa umetokeza kwenye mfuko, na akina mama waliokuwa wakichota maji bombani wakaniuliza namuuzaje.

Wakati ule nilikuwa nakaa Mabatini, vyumba viwili, na rafiki yangu Perusi, Mjita, fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo usio na mlango. Alimchemsha yule sato kwa nyanya na ndimu, akala kichwa, akala mkia, akaniambia, "Huyo mama Mungu ambariki. Mwambie kesho akatae na kuku." Mimi sikula. Nilikuwa nasubiri amani. Nilikuwa nimeahidiwa, au nilijiahidi mwenyewe, kwamba mtu akimaliza tiba yake anatoka mwepesi, anatabasamu, anawatazama watu kwa huruma. Nilichotoka nacho mimi ni kwamba nilikuwa siwezi tena kumeza. Mambo yote niliyokuwa nayameza tangu utoto, maneno ya mwenye nyumba, ya mchungaji, ya mchumba, sasa yalikwama kooni na kurudi juu. Mwenye nyumba nilimjibu mbele ya mkewe. Mchumba wangu nilimweleza ukweli wake wote kwa kikao kimoja, akahamia Geita. Na kibaya zaidi, nilikuwa nimeanza kuongea kama Mama Kokugonza. Perusi aliniambia siku moja tukiwa jikoni kwamba chumvi imeisha na mimi ndiye niliyesema nitanunua. Nikaweka kichwa upande, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nasikia una uchungu, Perusi."

"Uchungu gani? Nimesema chumvi imeisha!"

"Na chumvi ikiisha, unajisikiaje?"

Alinirushia mwiko. Haukunipata, ulipata sufuria. "Tangu umarize hiyo tiba yako," akasema, na akikasirika Kijita chake hugeuza kila l kuwa r, "umekuwa mbaya kuriko urivyoingia. Ingekuwa ni gari ningerirudisha kwa fundi nimwambie arirudishie uharibifu wake wa zamani. Kabura, mimi nirikuwa nakupenda yule wa zamani." Nilicheka, lakini lilinikaa. Sauti ya yule mama ilikuwa imehamia kichwani mwangu bila kulipa pango. Nikichambua dagaa iliniuliza kwa nini nachambua kwa hasira. Nikisali iliniuliza namwomba nani hasa. Nilibishana nayo njiani, nikisogeza midomo, mpaka muuza mkaa wa pale kona akaanza kunionea huruma.

Ingekuwa nafuu kama ningekuwa nimeondoka kabisa machoni pake. Lakini Mwanza ya wakati ule, kwa kazi yetu, ilikuwa kama nyumba moja. Kituo kilikuwa kinahitaji mshauri kijana, nami nilihitaji kazi, na mwezi wa kwanza nikaajiriwa palepale, chumba cha pili kutoka chake. Asubuhi ya kwanza nilimkuta koridoni ameshika kikombe. "Shikamoo mama." "Marahaba, Kabula," akasema, akapita. Basi. Mtu aliyekuwa anajua ndoto zangu, akapita na kikombe chake. Mchana tulikula pamoja sote sita, meza ya kitambaa cha plastiki chenye picha za mananasi, wali siku ya Jumatatu, ugali na furu, visamaki vya ziwa vyenye miiba, siku nyingine zote, na mama mpishi akitugawia mchicha kwa kijiko kimoja kimoja kama dawa. Mama Kokugonza alikaa mbele yangu. Alikuwa anajua jambo ambalo sikuwahi kumwambia binadamu mwingine yeyote, na alichoniambia kwa mwaka mzima pale mezani ni, "Naomba chumvi." Najua sasa kwamba alikuwa analinda siri yangu: vikao vyangu vilikuwa vya Jumamosi, kituo kikiwa kitupu, na wenzetu wale wanne hawakujua kabisa kwamba nimewahi kukaa kwenye kiti chake, na yeye alikaa kama mtu aliyekutana nami juzi. Wakati ule niliona ananidharau. Nilimwangalia akichambua miiba ya furu taratibu, akiipanga pembeni ya sahani kwa mstari, na nilimchukia kwa kila mwiba.

Ndipo akaja Mwalimu Tabitha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Buhongwa, miaka thelathini na minne, mjane wa miezi minane. Baada ya mazishi ya mumewe alikuwa ameacha kula, ameacha kuoga, alikuwa anaingia darasani anawaandikia watoto tarehe ubaoni kisha anakaa kimya mpaka kengele. Ukoo wa marehemu ulikaa kikao kwao Misungwi, wakaona mtoto hawezi kubaki katika nyumba ya namna hiyo, wakamchukua binti yake wa pekee, Neema, miaka minne, akalelewe na bibi yake. Hawakufanya kwa ubaya. Walimpa mama yake masharti yaliyo wazi: aende kwa washauri nasaha mjini, na siku mshauri atakaposema amepona, aje na barua amchukue mwanawe. Tabitha alinieleza haya siku ya kwanza, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Kwa hiyo dada mshauri," akasema, "mtoto wangu yuko mikononi mwako." Nikamwambia hapana, yuko mikononi mwake mwenyewe. Nilijibu kama kitabu. Lakini kweli alikuwa mikononi mwangu, na nilijua.

Niliapa kwamba huyu sitamfanyia nilivyofanyiwa. Alikuja kila Jumatano saa nne, mwezi wa pili wote bila kusema zaidi ya sentensi kumi, na mimi nilimsubiri. Mwezi wa tatu akaanza kulia, nikalia naye kidogo, jambo ambalo Mama Kokugonza hakulifanya hata mara moja. Mwezi wa nne akaja na kontena la matobolwa aliyotumiwa kutoka kijijini kwao karibu na Bujora, na karanga za kukaanga, akaniuliza kwa aibu kama inaruhusiwa. Nilipokea kwa mikono miwili! Tulikula tukiongea, viazi vile vitamu vya kukauka vikitushika menoni, na mimi nikifikiria chumba cha pili koridoni nikisema moyoni, unaona, hivi ndivyo watu wanavyofanya. Kikao kikiisha nilimsindikiza mpaka barabarani. Tukisimama pale kwenye jiwe kubwa aliniambia habari za darasa lake, jinsi mwalimu mkuu anavyojifanya hasikii kengele, tukacheka mpaka watu wakageuka. Kufika mwezi wa sita alikuwa anakula, anafundisha, amesuka nywele, ameupaka rangi ukuta wa chumba atakacholala Neema. Alikuwa amepona. Sikuwa na haja ya kitabu kuniambia.

Jumatano moja ya mwezi huohuo akaniuliza. Alikuwa amekaa wima, pochi magotini. "Dada, naona kama sasa niko sawa. Unaonaje tukimaliza?"

Niliona mlango ule unafunguliwa, niliona mkia wa samaki. Nikasema, "Bado kidogo, Mwalimu. Tusikimbilie."

"Bado nini?"

"Kuna mambo ya chini hatujayafikia."

Hakukuwa na mambo ya chini. Kulikuwa na mimi. Jumatano saa nne ilikuwa saa pekee ya wiki yangu ambayo sauti ile kichwani ilinyamaza, saa pekee ambayo mtu alifurahi kuniona, na nilikuwa siwezi kuirudisha. Lakini sikujiambia hivyo. Nilijiambia mimi ni mwangalifu, mimi sitatupa mtu nje kwa sababu saa zimetimia. Tabitha aliinamisha kichwa akakubali, kwa sababu mimi ndiye mtaalamu. Akauliza tena mwezi wa nane, nikasema bado kidogo. Akauliza mwezi wa tisa, akiwa ametoka Misungwi kumwona mtoto, na safari hii sauti ilitetemeka. Nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba huko kutetemeka ndiko kunakoonyesha bado. Akaenda zake, na nikasahau hata kumwuliza huko Misungwi ameona nini.

Mwezi wa kumi nilisikia jambo ambalo sikutakiwa kulisikia. Nilikuwa naosha kikombe changu kwenye karo la nje, dirisha la jiko likiwa wazi, na ndani Mama Kokugonza alikuwa anamsaidia mama mpishi kumenya ndizi. Mpishi alikuwa anamsimulia dada yake aliyerudi kwao Bunda, jinsi walivyoliliana stendi. Mama Kokugonza akacheka, kicheko cha chini nisichowahi kukisikia katika saa zangu zote sitini. "Mimi kuaga sijui," akasema. "Tangu utoto. Mgeni akisimama kuondoka, mimi nakimbilia jikoni najifanya nimeunguza kitu. Hata mume wangu nilimuaga nikiwa nimempa mgongo." Mpishi akasema, "Pole mama," wakaendelea kumenya. Mimi nilibaki na kikombe mkononi, maji yanamwagika. Kumbe! Kumbe haikuwa kanuni ya kazi, haikuwa busara, haikuwa samaki wala fomu. Mwanamke alikuwa hajui kuaga, basi, na mimi nilikuwa nimejikunja mwaka mzima nikidhani kuna kitu kibaya ndani yangu alichokiona na kukifungia nje. Sikumhurumia hata chembe. Niliyachukua maneno yale nikayaficha, kama mtu anayeokota jiwe zuri la kurusha.

Nililirusha Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja. Kila Ijumaa tulikaa wote chumba cha mbele tukieleza kazi zetu, kila mtu mteja mmoja bila kumtaja jina, na wenzake wanauliza. Siku hiyo nilieleza habari za Tabitha. Nilieleza vizuri, kwa majivuno, jinsi alivyokuja amevunjika na jinsi nisivyomharakisha. Mkuu wa kituo, mzee mpole mwenye usingizi wa mchana, akasema nimefanya kazi nzuri. Mama Kokugonza alikuwa anaangalia mikono yake.

"Mtoto ana miaka mingapi?" akauliza.

"Minne. Hapana, mitano sasa."

"Siku hizi anamwita nani mama?"

Sikuwa najua. Nikasema hilo halijajitokeza.

"Huyu mteja anakula, anafanya kazi, amepaka rangi chumba cha mtoto," akasema taratibu. "Anabaki hapa kwa ajili ya nani, Kabula?"

Nilisimama. Sauti iliyotoka haikuwa yangu ya kazini, ilikuwa ile ya Mabatini. "Wewe," nikamwambia, bila mama, bila chochote, mtu aliyezidi umri wa mama yangu, "wewe ndiye wa kuniuliza hivyo? Nilikaa mbele yako saa sitini, ukanifungia mlango kama mbwa. Samaki wangu ulimkataa. Halafu nakusikia jikoni unacheka kwamba hujui kuaga. Hujui kuaga! Basi usiwafundishe wenzako." Mkuu wa kituo alikuwa ameamka kabisa. Wenzangu waliangalia sakafu, kwa sababu ndiyo kwanza wanajua kwamba nilikuwa mteja wake, na nilikuwa nimejivua nguo mwenyewe mbele yao. Yeye aliyekuwa ameitunza siri hiyo mwaka mzima, kwa chumvi na kwa marahaba, alibaki amekaa. Nilingoja akasirike. Nilingoja alie. Nilitaka sana alie.

"Ni kweli," akasema. "Sijui. Na wewe nilikukosea pale mlangoni." Akakohoa kidogo. "Sasa turudi kwa mteja wako. Mtoto ana miaka mitano."

Sijawahi kumsamehe kwa jibu lile. Angejitetea ningekuwa na pa kushika. Aliniachia ushindi mkononi, na ushindi wenyewe haukuwa na kazi yoyote, kwa sababu swali lake lilikuwa limebaki palepale mezani. Nilitoka nje nikakaa kwenye jabali, jua la saa tisa linaunguza, nikahesabu kwa vidole. Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Miezi mitano niliyomshikilia mtoto wa mtu Misungwi ili nisiwe peke yangu siku ya Jumatano. Hakuna mtu mwingine aliyefanya hilo. Si Mama Kokugonza, si chuo, si ukoo wa marehemu. Leo watu wakiniambia mshauri wao aliwaumiza nawasikiliza, lakini moyoni nauliza pia wao wamemuumiza nani baadaye, na kwa swali hilo sipendwi.

Jumatano iliyofuata Tabitha aliingia na kontena lake. Sikumruhusu alifungue. Nilimwambia wima, kabla hajakaa vizuri, kwa sababu nilijua nikipindisha nitatafuta njia ya kujisafisha. "Mwalimu, umepona tangu mwezi wa sita. Nilijua. Nilikuchelewesha mimi, kwa shida zangu mimi, si kwa ugonjwa wako."

Hakuelewa mara moja. Alitabasamu hata, kama mtu anayengoja utani umalizike. Kisha tabasamu likaondoka.

"Mwezi wa sita," akasema.

"Ndiyo."

"Mwezi wa tisa nilikwenda kumwona. Nikamwambia njoo kwa mama. Akakimbilia kwa bibi yake, akajificha kwenye kanga yake, akamwita yule mama. Mimi akaniita shangazi." Alikuwa anasema kwa sauti ya darasani, kila neno na nafasi yake. "Nikarudi hapa nikitetemeka, wewe ukaniambia kutetemeka ndiko kunakoonyesha bado. Nikaamini. Nililala nikijilaumu kwamba sijapona vya kutosha."

Nikaanza kusema samahani. Akanyanyua kiganja kama anavyowanyamazisha watoto. "Usinililie," akasema. "Leo usithubutu kunililia. Chukua kalamu." Nikachukua. "Andika barua. Andika kwamba nimepona tangu mwezi wa sita, na andika aliyechelewesha ni nani, ili mama mkwe wangu asije akadhani mimi ndiye sikumtaka mwanangu." Niliandika. Alisimama nyuma ya bega langu akisoma, na sentensi moja niliyokuwa nimeilainisha, nimeandika "kutokana na sababu za kitaalamu", aliigusa kwa kidole akasema, "Hiyo futa. Hiyo ni uongo." Nilichukua karatasi nyingine nikaanza upya. Nikagonga mhuri wa kituo. Aliikunja mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia yake ndogo, akachukua kontena lake la matobolwa likiwa halijafunguliwa, akatoka. Nilisimama nimfuate. "Kaa," akasema bila kugeuka, na nikakaa.

Mkuu wa kituo alinipa onyo la maandishi na miezi mitatu ya kufanya kazi chini ya usimamizi. Msimamizi alikuwa Mama Kokugonza, hapakuwa na mwingine. Tulikaa kila Jumatatu katika chumba kilekile, mimi nikiwa na mafaili safari hii, na hatukuzungumza tena habari ya mlango wala samaki. Alikuwa mkali na alikuwa mwadilifu, na karibu kila mara alikuwa sahihi, na sikumpenda. Miaka yote iliyofuata tulifanya kazi hivyo. Kundi la msiba linasema alikuwa mama yetu. Kwangu alikuwa mtu aliyeniona vizuri kuliko nilivyotaka kuonwa, kisha akaendelea kula ugali mbele yangu, na sikuwahi kumwambia ahsante. Nisingeweza kulisema hilo kesho kwenye kipaza sauti bila watu kunishika wakinipeleka kivulini.

Mwaka ule ulikuwa unaisha ndipo ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu ya vitufe. Tulikuwa tumetoka kanisani, Perusi anakaanga vitumbua, mimi nakuna nazi iliyotoka Dar. Ulitoka kwa Tabitha. "Neema yuko kwangu wiki ya pili. Analia kwa bibi yake kila jioni. Bado ananiita shangazi. Nakwambia ili ujue, si ili unijibu." Nilikaa juu ya mbuzi ya nazi nikausoma mpaka maneno yakaanza kupoteza sura. Nikaandika jibu refu, lenye pole, lenye ushauri mzuri kabisa wa namna ya kumrudisha mtoto taratibu, ambao ungemfaa, nina hakika ungemfaa. Nikalifuta. Nikaandika "karibu Jumatano ukipenda," nikalifuta hilo pia, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Perusi akaniuliza nani huyo. Nikamwambia mteja wangu wa zamani, amemaliza. Tabitha alikuwa hanihitaji tena, mimi nilikuwa bado namhitaji, na hilo halikuwa shauri lake.